Mwalimu, hayo maneno ni dua?

Jumanne asubuhi tulikuwa kwenye darasa langu la yoga watu kumi na mbili hivi, madirisha yote wazi, upepo wa kusi unaingia vizuri, nikasema kama nilivozoea "haya, tunaingia adho mukha shvaanaasana", na mama mmoja anayeweka mkeka wake mstari wa nyuma akabaki amesimama tu. Ni mtu mzima, ananizidi kama miaka ishirini, nikadhani ni goti lake manake ana goti linamsumbua tangu mwaka jana. Darasa likaisha, akangoja wenzake watoke, akanijia akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Niwie radhi mwalimu, hayo maneno unayosema, ni dua?"

Nikamjibu la mama, ni majina ya mikao tu. Akasema haya, ahsante mwanangu, akakunja mkeka wake akaenda zake.

Nilikaa na hilo jibu langu siku mbili nzima. Sikumwambia uongo, adho ni chini, mukha ni uso, shvaana ni mbwa, aasana ni mkao, basi ni mbwa aliyeinamisha uso, hakuna dua hapo. Lakini lilikuwa jibu la kumaliza mazungumzo, na yeye hakutaka mazungumzo yaishe, alitaka kujua anatamka nini kwa mdomo wake mwenyewe, mdomo ambao anasalia nao mara tano kwa siku. Hilo ni swali la heshima sana. Na neno "tu" ndo lililoniuma zaidi, manake miaka yote hii mie ndo nimekuwa nikiwaambia watu Kisanskriti, hii lugha ya kale ya India yanakotoka majina haya, si mapambo.

Ngoja nieleze nilivofika hapa kwanza. Nilifanya kozi ya ualimu wa yoga ya masaa 200 Nairobi, kozi nzuri kwa upande wa mwili, nilijifunza mengi kuhusu mgongo na nyonga na jinsi ya kumshika mtu bila kumuumiza. Ila lugha ilipitwa juu juu. Tulipewa makaratasi yenye majina ya mikao yameandikwa jinsi Mwingereza anavoyasikia, na sisi wote, Mjaluo, Mkikuyu, mie wa Mombasa, tukawa tunatamka Kisanskriti kwa pua ya Kizungu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini tunapitia njia ya mbali hivo kufika kwa jirani. Manake Wahindi ni majirani zetu, bahari ni moja, majahazi yamekuja na kurudi kwa msimu wa kaskazi na kusi karne na karne.

Nikarudi nyumbani Mombasa. Ghorofa ya chini yangu alikuwa anakaa bibi mmoja wa Kigujarati, wajukuu zake walimwita Ba na mie pia nikamwita Ba. Kila alfajiri alikuwa anasoma mlango mmoja wa Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwa sauti, ile kitabu ina milango 18 na beti 700, kwa hivo baada ya siku 18 anarudi mwanzo. Sauti inapanda ngazi mpaka kwangu pamoja na harufu ya udi. Siku moja tukakutana ngazini nikamwambia Ba mimi nafundisha asána. Akanitazama. Akasema, "Dikri, si asána. AA-sana. Wewe wavuta pale pafupi na wakata pale parefu."

Hapo ndo masomo yangu yalianza kweli kweli. Miaka mitatu, kila Jumapili baada ya chai, mie na daftari langu mezani kwake. Sasa hivi Ba amehamia Leicester kwa mwanawe, lakini bado ananitumia sauti kwenye WhatsApp, na bado ananisahihisha.

Kosa alilonishika nalo Ba siku ile halikuwa la Kizungu, lilikuwa la Kiswahili. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, wala hatufikirii, kitábu, darasáni, asána. Kisanskriti hakiendi hivo, kina vokali fupi na vokali ndefu, na ndefu inavutwa mara mbili ya fupi, popote ilipo. Kwa hivo nikaacha yale makaratasi ya kozi nikaanza kuandika majina kwa njia yetu wenyewe, vokali mbili mbili kama tunavoandika kaa na taa: aasana, praanaayaama, taadaasana, shavaasana. Ukiandika hivo mwanafunzi wa hapa anasoma sawa mara ya kwanza. Huhitaji kumfundisha alama za vistari juu ya herufi, anazo tayari kwenye lugha yake.

Mtego mwingine ambao Mwingereza hana ila sisi tunao ni kh, dh, th na gh. Mswahili akiona "sukha" anasoma kh ya khatari. Akiona "dhyaana" anasoma dh ya dhahabu, na "hatha" anaitia th ya thamani. Hizo zote ni sauti tulizopewa na Kiarabu, ziko kooni au kwenye meno na ulimi. Za Kisanskriti ni kitu kingine kabisa, ni k yenye pumzi, d yenye pumzi, t yenye pumzi, herufi ile ile lakini hewa inatoka nayo. Nilikuwa nahangaika kuwaeleza watu mpaka siku moja dada mmoja wa Kibokoni akasema "kumbe ni kama k'aa!" Na kweli. Sisi wa Mombasa tuna kaa la moto na tuna k'aa anayetembea ufukweni, na ukiweka mkono mbele ya mdomo unasikia hewa kwa yule wa ufukweni na husikii kwa lile la moto. Tuna paa la nyumba na p'aa mnyama. Tuna tembo la mnazi na t'embo mwenye mkonga. Kiswahili cha vitabuni hakiandiki tofauti hii na watoto wengi wa mjini siku hizi hawana tena, lakini nyanya zetu wanayo, na mtu aliyelelewa na nyanya wa Mvita anatamka "sukha" vizuri kuliko mwalimu aliyetoka California. Nilipogundua hilo nilifurahi mpaka nikampigia mamangu simu.

Afu kuna ile r ya vrikshaasana. Watu wengi duniani wanasema vri, wanachomeka i pale, na hata mie naandika hivo manake ndo ilivozoeleka. Lakini kwa Kisanskriti hakuna i, ni r peke yake imesimama kama silabi kamili. Mgeni anaona haiwezekani konsonanti isimame bila vokali. Sasa wewe Mswahili sema mti. M-ti. Ile m imesimama peke yake, silabi nzima, haina vokali yoyote ya kuishika mkono, na umeisema tangu ukiwa na miaka miwili. Na vriksha maana yake ni mti.

Siku hizi kwenye vrikshaasana nawaambia watu simameni kama ile m.

Kitu kilichonikaa moyoni kuliko vyote lakini ni sandhi. Sandhi ni kule maneno yanapokutana na kuyeyushana kwenye mpaka. Wanafunzi wa Kisanskriti huko nje wanaiogopa, wanapewa majedwali ya kukariri, a ikikutana na i inakuwa e, i ikikutana na a inakuwa ya, u ikikutana na a inakuwa va. Mie nilikuwa mezani kwa Ba nakariri hilo jedwali, mahaa na indra inakuwa mahendra, mahaa na indra inakuwa mahendra, mara nikanyamaza. Wa na ingi inakuwa wengi. Ma na ino inakuwa meno. Wa na izi, wezi. Nikaendelea na mstari wa pili, prati na aahaara inakuwa pratyaahaara, ile ya kurudisha hisia ndani, na sisi tuna vi na ama inakuwa vyama, vi na ake inakuwa vyake. Mstari wa tatu, su na aagata, inakuwa svaagata, yaani karibu, umekuja vyema. Na sisi, mu na ana? Mwana.

Nilimweleza Ba akacheka kwa furaha akaita wajukuu waje wasikie. Sisemi lugha hizi ni ndugu, si ndugu hata kidogo, Kiswahili ni Kibantu na Kisanskriti kiko ukoo mmoja na Kifarsi na Kigiriki na Kilatini. Ni mdomo wa binadamu tu unafanya kazi ile ile mahali pawili. Lakini kwa mwanafunzi maana yake ni kubwa: lile jedwali la kutisha unalo kichwani, umelitumia leo asubuhi ukiuliza vyombo vimeoshwa au bado. Panini, mwanasarufi wa Kisanskriti, alikaa na mambo haya haya karne nyingi kabla ya Kristo, akaandika kanuni karibu 4,000 za jinsi maneno yanavojengwa, fupi fupi, zingine silabi mbili tatu tu. Natamani siku moja mtoto wa shule ya pwani aambiwe kwamba anaposema wengi badala ya waingi anafuata kanuni ambayo Panini angeitambua.

Hapa niweke tahadhari, manake nimeona watu wanavokwenda mbio na haya mambo. Simhaasana ni mkao wa simba, na simha ni simba kweli, na kila darasa kuna mtu anashtuka anasema basi neno simba limetoka India. Halikutoka. Simba ni letu la Kibantu, limefanana tu. Vile vile nam ni kuinama, na sisi tunasema inama, nalo ni bahati tu. Ila yapo ambayo kweli yamesafiri. Sukari ni sharkaraa, imepita Kifarsi na Kiarabu mpaka kikombeni kwako. Pilipili ni pippali. Laki ni laksha, laki moja. Rupia ni ruupya. Na lile ninalolipenda kuliko yote, chaturanga. Wanayoga wote wanalijua kwa sababu linawachosha mabega, chaturanga dandaasana, chatur ni nne, anga ni kiungo, danda ni fimbo, mwili umenyooka kama fimbo umeshikwa na viungo vinne. Zamani chaturanga lilikuwa jina la jeshi lenye sehemu nne, tembo, magari, farasi na watembea kwa miguu, ndo likawa jina la mchezo wa ubaoni, Waajemi wakauchukua, Waarabu wakauita shatranj, na sisi tukauita sataranji. Wazee wanaocheza sataranji barazani na vijana wanaotetemeka mikono darasani kwangu wanataja neno moja.

Sasa maana. Neno lenyewe yoga linatoka yuj, kufunga pamoja, kufunga ng'ombe kwenye gari au jembe. Tunalo neno safi, nira. Watu mitandaoni wanapenda kusema yoga maana yake muungano na wanaishia hapo, sauti tamu, lakini nira ni kitu cha mbao, ni kizito, kinakaa shingoni na kinakupeleka shambani kila siku utake usitake. Naona hiyo nira inasema ukweli zaidi kuhusu asubuhi zangu. Patanjali mwenyewe, yule wa zamani aliyeandika Yoga Sutra, pia hasemi muungano. Kitabu chake ni kifupi, sutra, yaani kauli fupi fupi, 196 kwenye chapa nyingi, milango minne, na sutra ya pili inasema yogash chitta vritti nirodhah. Vritti ni kitu kinachozunguka, kinachogeuka geuka. Chitta ni huko ndani, akili na kumbukumbu na hisia kwa pamoja, mie naiita moyo kwa vile Mswahili akisema moyo hamaanishi lile pampu la damu tu. Nirodha ndo imenisumbua miaka. Tafsiri nyingi zinasema kuzuia, kudhibiti, na nilifundisha hivo, zuia mawazo, na watu walikuwa wanakaza uso kama wanaobeba gunia.

Halafu ikanijia kwamba sisi tuna neno tulia, na ukilisikiliza kwa makini unaisikia tua ndani yake. Kutua mzigo. Ndege anatua. Jua linatua. Hakuna anayemzuia ndege kuruka, anatua mwenyewe akifika. Sasa nasema yoga ni kutua kwa mizunguko ya moyo. Sijui Panini angenipa alama ngapi, lakini nyuso zimelegea, na hilo nimeliona kwa macho yangu kila siku kwa miaka miwili sasa.

Na mikao je? Watu hushangaa nikiwaambia kwamba Patanjali amezungumzia aasana kwa sutra tatu tu. Tatu kati ya 196. Hatha Pradiipikaa, kitabu cha yoga cha karne ya 15, inaeleza mikao 15, na mingi ni ya kukaa chini. Hii mikao ya kusimama na kuruka tunayotoka nayo jasho, sehemu kubwa yake ilipangwa vile kwenye karne ya 20, hasa Mysore, India, miaka ya 1930 pale Krishnamacharya alipokuwa anafundisha chini ya ulinzi wa maharaja, na kutoka chumba kile wakatoka Iyengar na Pattabhi Jois na Indra Devi waliosambaza duniani. Silisemi hili kuipunguzia hadhi. Nalisema kwa sababu nimechoka na kuwaambia watu kila mkao una miaka elfu tano, si kweli, na kitu kizuri hakihitaji kuongezewa umri.

Kati ya hizo sutra tatu ya kwanza ni sthira sukham aasanam. Sthira ni imara. Sukha watu hutafsiri raha. Lakini kuna maelezo ya zamani ya neno lenyewe, su ni vizuri, kha ni tundu, na tundu linalosemwa ni lile la katikati ya gurudumu, pale mti wa ekseli unapopita. Tundu likikaa sawa gari linateleza. Duhkha, taabu, ni tundu baya. Wapo wataalamu wanaolieleza neno kwa njia nyingine, lakini mie siwezi kuliacha hili la tundu kwa sababu kila siku naona wale vijana wa mikokoteni wakipanda kutoka Kongowea. Mkokoteni wenye ekseli iliyokaa vibaya unalia, unamvuta mtu kando, anatumia nguvu mara tatu kwa mzigo ule ule. Mkokoteni mzima unapita kimya na mzigo wa kilo mia nne. Mzigo haujapungua! Sukha haisemi mkao uwe rahisi, inasema mkao uzunguke vizuri kwenye ekseli yake. Na sutra inayofuata inasema inapatikana kwa kulegeza juhudi, neno lake ni shaithilya, kulegea, kama kamba iliyolegezwa. Mtu anakuja darasani amekaza mpaka meno, namwambia legeza taya, legeza vidole vya miguu, na ghafla anasimama imara zaidi. Nimeliona mara nyingi na bado linanishangaza.

Upande wa pumzi Kiswahili kimetutangulia, nasema hivyo bila kutia chumvi. Pumua, pumzi, pumzika. Ni neno moja. Anayetaka kupumzika, lugha yenyewe inamwelekeza aende kwenye pumzi, na sisi tunapita juu yake kila siku tukisema "nakwenda kupumzika" bila kusikia. Kwa hivo shavaasana, ambayo ni mkao wa maiti, shava ni maiti, siitafsiri hivo kwa kila mtu. Pale mwanzo nilitafsiri, na binti mmoja aliyekuwa ametoka kumzika babake akainuka akatoka, nikajifunza. Hatha Pradiipikaa yenyewe inasema mkao huu unaondoa uchovu na kuupa moyo mapumziko. Nasema laleni mpumzike, na ninaikaza ile pumzi iliyomo ndani.

Nirudi kwa mama. Alhamisi alikuja tena, nami nikamwomba tukae kidogo kabla ya wengine kufika. Nikamwambia mama, Jumanne nilikujibu haraka, naomba nikujibu vizuri. Nikamweleza kwamba majina ya mikao ni majina, mbwa, mti, fimbo, simba, mlima. Lakini yapo maneno mengine ambayo kwa wenyewe ni ibada kweli, Om ni ibada, mantra ni ibada, Ba akisoma Gita alfajiri anasali, na Patanjali anamtaja Iishvara, Mola, na kujiweka mikononi mwake. Nikamwambia mimi sitakuimbisha neno lolote bila kukwambia maana yake kwanza, na ukinyamaza hakuna atakayekuuliza. Sipendi ile tabia ya walimu kusema yoga haina dini kabisa ili wajaze darasa, ni kuwanyang'anya wenyewe kilicho chao na ni kumficha mwanafunzi. Wala sipendi kusema huwezi kuigusa kama si wako.

Nikamweleza pia habari za al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu aliyezaliwa 973 huko Khwarazm, Asia ya Kati. Huyu alijifunza Kisanskriti ukubwani, akakaa na wanavyuoni wa Kihindu, akakitafsiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu, kikaitwa Kitaab Patanjal, na akakipanga kwa maswali na majibu, mtu anauliza na kitabu kinajibu. Miaka elfu moja iliyopita! Alibaki Mwislamu, hakuficha pale alipotofautiana nao, na bado aliona watu hawa wanastahili kusikilizwa kwa lugha yao wenyewe. Mama akauliza, "Naye aliuliza maswali?" Nikamwambia kitabu chote ni maswali, mama. Akatikisa kichwa akasema basi na mimi ntauliza.

Na ameuliza. Ameanza kuja dakika kumi mapema na tunachukua neno moja. Huyu mama ana duka la leso Biashara Street, amerithi kwa mamake, anajua kitambaa kwa kukishika tu. Wiki iliyopita tukafika kwenye sutra ya 12 ya mlango wa kwanza, inayosema mizunguko inatua kwa vitu viwili, abhyaasa na vairaagya. Abhyaasa ni mazoezi, kurudia. Vairaagya nikamwambia tafsiri ya kawaida ni kutokuwa na tamaa, kujitenga, na mie sijawahi kuipenda, inafanya watu wadhani ni lazima uwe mkavu usiyependa kitu. Nikamweleza lilivojengwa, vi ni bila, raaga ni rangi, kitu kilichotiwa rangi, na hata hili neno letu rangi tulilopata kwa Waajemi ni la ukoo huo huo. Raaga ni moyo uliochovywa kwenye kitu mpaka ukashika rangi yake.

Akakaa kimya. Afu akasema, "Kumbe ni kuchuja."

Nikamwuliza vipi mama?

Akasema leso ikichuja rangi inatoka, kitambaa kinabaki. Wateja wake wanaogopa leso inayochuja, mpya inalowekwa kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike. Lakini leso ya zamani, akasema, ile iliyobebea watoto, iliyolaliwa, iliyofunikia wagonjwa, hiyo imechuja yote na ndo laini kuliko zote, mtu hataki kuitupa. Na haichuji kwa kusuguliwa, ukiisugua utaichana. Inachuja kwa kuoshwa, kuoshwa, kuoshwa.

Nilikuwa na daftari mkononi na sikuandika kitu. Sutra ya 14, mbili tu mbele, inasema mazoezi yanashika mizizi yakifanywa kwa muda mrefu, bila kukatika, na kwa heshima. Nimeifundisha hiyo sutra sijui mara ngapi, na abhyaasa na vairaagya nilikuwa nazifundisha kama vitu viwili, leo tufanye bidii, kesho tuachilie. Mama hajasoma hata ukurasa mmoja wa Patanjali na amenionyesha kwamba ni kitendo kimoja, kuosha na kuchuja, ukifanya la kwanza kila siku la pili linakuja lenyewe, huwezi kuliendea moja kwa moja. Nilimtumia Ba sauti usiku ule ule nikamsimulia. Akanijibu asubuhi kwa maneno machache, akaniuliza jina la huyo mama ili amtaje kwenye sala zake, nikamwomba mama ruhusa kwanza, akaruhusu.

Jumamosi mama alikuja na mfuko mdogo. Ndani mlikuwa na kipande cha leso ya marehemu mamake, kimekatwa kwa uangalifu kwenye pindo, kilikuwa chekundu zamani na sasa ni kama rangi ya ndani ya kome. Yale maandishi ya chini hayasomeki tena. Nimekibandika kwenye daftari, ukurasa wa sutra ya 12, na chini yake nimeandika vairaagya, nukta mbili, kuchuja. Kesho tunaanza pratyaahaara na ameshanitumia ujumbe kuuliza kama ile ya prati ni sawa na ile ya vyama.